Ngazi ya Mahitaji na Bahasha ya Mjane: Uhakiki wa Nadharia ya Abraham Maslow

Utangulizi

Katika masomo ya uchungaji na ushauri yanayofundishwa vyuoni mwetu, ni michoro michache inayojulikana kama ile pembetatu ya mahitaji ya binadamu inayohusishwa na jina la Abraham Maslow. Mwalimu huichora ubaoni, huigawa katika sehemu tano, na kueleza kwamba mtu huanzia chini kwenye chakula na maji, kisha hupanda daraja kwa daraja hadi kileleni ambako nafsi yake hutimilika. Mwanafunzi huinakili, huijibia mtihani, kisha huenda nayo usharikani. Huko huitumia katika semina za uwakili, katika kutayarisha hubiri, na hata katika vikao vya kupanga nani atembelewe na nani aachwe.

Makala haya yanakusudia kuihakiki nadharia hiyo kwa mtazamo wa theolojia ya Kilutheri na wa maisha ya kila siku ya sharika zetu. Hatusemi kwamba Maslow hakuona kitu. Aliona jambo la kweli, na mhubiri anayelipuuza huwadhuru watu. Hoja yetu ni kwamba ngazi hii, jinsi tulivyoipokea na kuitumia, imetuzoeza kumwona maskini kama mtu ambaye kwa sasa ana tumbo tu, na kumwona Mungu kama msaada wa kupandia. Mambo haya mawili hayapatani na Injili.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa vijijini. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Tulipokaa na wazee wa kanisa kupanga ugawaji wa bahasha za ahadi, tulifika kwenye jina la bibi mmoja mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Tukashauri asiandikiwe bahasha. Tena tulitoa sababu ya kitaalamu: mtu asiyeshiba hawezi kujishughulisha na mambo ya juu, basi tumwache kwanza ale. Wazee walitikisa vichwa kukubali, na sisi tukajiona tumetenda kwa huruma.

Jumapili ya pili yake bibi yule alitungoja nje ya ofisi ya usharika, ameshika kitambaa chenye mayai manne. Baada ya kusalimiana alituuliza, "Baba Mchungaji, nimekosa nini hata nimeondolewa kanisani?" Tukamweleza kwamba hakuondolewa, ila tulimhurumia kwa sababu ya njaa. Akasema, "Njaa ninayo, Baba. Lakini na mimi ni msharika." Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta jibu hilo, ingawa limechelewa.

Maslow alisema nini

Abraham Maslow alizaliwa mwaka 1908 huko Brooklyn, New York, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Makala yake mashuhuri juu ya kinachomsukuma binadamu kutenda yalitoka Julai 1943 katika jarida la saikolojia la Marekani, na mawazo hayo aliyapanua katika kitabu chake cha mwaka 1954. Alitaja makundi matano ya mahitaji: mahitaji ya mwili, usalama, upendo na kuwa miongoni mwa wengine, heshima, na mwisho utimilifu wa nafsi, yaani mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Hitaji la chini likiwa halijatoshelezwa humtawala mtu. Likitoshelezwa hunyamaza, na lile la juu yake hujitokeza.

Msomaji anayerudi kwenye makala yenyewe hukuta mambo matatu ambayo hayamo katika mchoro wa ubaoni. Kwanza, hakuna pembetatu. Maslow hakuichora. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uliufuatilia mchoro huo hadi kwa Charles McDermid, mshauri wa mambo ya uendeshaji, aliyeutoa mwaka 1960 katika jarida la biashara, akiwaonyesha wakuu wa kampuni namna ya kuwahimiza wafanyakazi. Mchoro tunaoutumia kuwafikiria washarika ulitengenezwa kwa ajili ya kufikiria waajiriwa.

Pili, Maslow hakusema kwamba daraja moja lazima lijae kabisa kabla ya mtu kuonja la pili. Alitoa mfano wa kubuni wa mtu wa kawaida aliyetosheka asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima, na 10 katika utimilifu wa nafsi, yote kwa wakati mmoja. Aliorodhesha pia watu ambao kwao utaratibu huo hugeuka, na miongoni mwao aliwataja wafia imani na wote walio tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya jambo wanaloliamini.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, Maslow alikiri kwamba katika jamii aliyoiandikia njaa kali ilikuwa jambo la nadra. Mmarekani wa kawaida anaposema ana njaa, alieleza, mara nyingi ana hamu ya chakula tu. Kwa hiyo ngazi hii iliandikwa na mtu aliyekuwa akiwatazama walioshiba, akikisia hali ya wenye njaa. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Sisi tumeichukua ngazi ya walioshiba na kuwapimia wenye njaa, tena bila tahadhari ambazo mwenyewe aliziweka.

Aliloliona sawasawa

Hata hivyo hatuna budi kumtendea haki. Mwili si kitu cha kudharauliwa, na njaa huweza kweli kumteka mtu mzima, fikra zake pamoja na tabia yake. Ushahidi wa wazi ulipatikana muda mfupi baada ya makala yake. Kati ya mwaka 1944 na 1945 Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota walifanya jaribio juu ya njaa. Vijana 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa majuma 24 hadi wakapoteza kama robo ya uzito wao. Watafiti waliona jinsi vijana wale walivyobadilika. Waliota na kuongea habari za chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakajitenga na wenzao, wakapoteza ucheshi na hamu ya mambo waliyoyapenda.

Maandiko yanalijua jambo hili. Esau aliporudi kutoka nyikani amechoka aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu (Mwa. 25:29-34). Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakumpa kwanza mafundisho. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Ndipo safari ya kwenda Horebu ikawezekana (1 Fal. 19:4-8). Naye Yakobo anamkemea yule anayemwaga ndugu aliye uchi na mwenye njaa kwa maneno ya amani bila kumpa mahitaji ya mwili (Yak. 2:15-16). Mhubiri anayewaambia wenye njaa wafunge na kuomba tu, huku ghala la usharika limefungwa, hana haki ya kumcheka Maslow.

Mahali ngazi inapovunjika

Lakini hebu tulitazame tena lile jaribio la Minnesota. Vijana wale 36 walikuwa nani? Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao wakiwa washiriki wa makanisa yanayopinga vita. Walijitolea kuona njaa ili wataalamu wajifunze namna ya kuwarudishia nguvu watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita. Waliingia katika njaa kwa ajili ya jirani wasiyemjua, na sehemu kubwa yao walifika mwisho wa jaribio ingawa mawazo yao yalikuwa yamejaa chakula. Kwa hiyo jaribio hilo linatoa ushahidi wa pande mbili. Njaa iliwabana kweli, lakini haikuwa bwana wa pekee. Mtu aweza kuwaza chakula mchana kutwa na bado akakishika kile alichokiahidi.

Mfano wa pili unatoka kwa mwalimu wa Maslow mwenyewe. Harry Harlow, aliyemsimamia katika shahada ya udaktari huko Wisconsin, alichapisha mwaka 1958 matokeo ya majaribio juu ya watoto wa nyani waliotengwa na mama zao. Waliwekewa mama bandia wawili, mmoja wa waya na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, watoto walimwendea kunyonya tu, kisha wakarudi kumkumbatia yule wa kitambaa kwa sehemu kubwa ya siku. Ikiwa hata mtoto wa nyani haungojei kushiba ndipo atafute kukumbatiwa, tunawezaje kusema kwamba binadamu hungoja?

Wataalamu waliokuja baadaye waliipima nadharia yenyewe. Mwaka 2011 Louis Tay na Ed Diener walichapisha uchunguzi uliokusanya majibu ya watu kutoka nchi 123. Waliona kwamba aina hizi za mahitaji zinawagusa watu kila mahali, na kwamba kwa kiasi fulani watu hupata mahitaji ya mwili na usalama kabla ya mengine. Lakini waliona pia kwamba mtu hufaidika na upendo na heshima hata pale mahitaji ya chini yanapokuwa hayajatimizwa. Kwa maneno mengine, heshima humsaidia mwenye njaa sasa hivi, akiwa bado na njaa.

Mchungaji hahitaji takwimu ili ajue hayo. Mama anayelala bila kula ili mtoto apate ada amefuata daraja lipi? Ndugu wanaokopa ili mzee wao azikwe kwa heshima, ingawa sufuria nyumbani ni tupu, wamechanganyikiwa? Kijana anayekataa kazi yenye mshahara kwa sababu ni ya kuwadhulumu watu ameruka ngazi? Ukifuata mchoro wa ubaoni, wote hawa ni mambo ya pekee yasiyohesabiwa. Ukikaa kijijini mwaka mmoja, wao ndio kawaida. Methali yetu inayosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, haikutungwa na watu walioshiba.

Maslow mwenyewe alikutana na jambo hili. Kiangazi cha mwaka 1938 alikaa kwa muda miongoni mwa Wasiksika, jamii ya wenyeji wa Alberta nchini Kanada. Aliona kwamba kwao mtu aliyehesabiwa kuwa tajiri ni yule aliyegawa zaidi, si yule aliyelimbikiza. Inasikitisha kwamba jambo hilo halikuwa kiini cha makala yake ya mwaka 1943. Ndani yake binadamu anaonekana kama mtu mmoja mmoja mwenye upungufu wa kujazwa. Kwamba mtu ni watu, na kwamba kumpa mwingine ni hitaji pia, ni mambo yanayobaki pembeni.

Ni nani aliyewekwa kileleni

Tunapochunguza nadharia yoyote ya binadamu, yatupasa tuulize inamweka nani juu. Katika kitabu cha mwaka 1954 Maslow alitaja watu aliowaona wamefikia utimilifu wa nafsi. Miongoni mwao walikuwa Abraham Lincoln katika miaka yake ya mwisho, Albert Einstein, Eleanor Roosevelt, Jane Addams, na Albert Schweitzer. Aliwachagua mwenyewe, kwa kipimo alichokiweka mwenyewe, kisha akatoa katika maisha yao sifa za utimilifu. Hilo ni duara: kipimo kilichagua watu, nao watu wakathibitisha kipimo.

Jina la Schweitzer linatuhusu kwa karibu. Alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Alsace, mtaalamu wa Agano Jipya, aliyekwenda Lambaréné nchini Gabon mwaka 1913 kama tabibu. Hatupunguzi sadaka yake. Lakini tuitazame hospitali ile kwa ukamilifu. Wagonjwa walikuja na jamaa zao, na jamaa hao ndio waliowapikia na kukaa nao. Nani asiyeijua picha hiyo katika hospitali zetu hata leo, dada au shangazi aliyelala chini kando ya kitanda, asubuhi akichemsha uji nje kwenye mafiga? Kwa kipimo cha ngazi, daktari yuko kileleni na shangazi yuko chini, kwa sababu yeye bado anahangaikia chakula na mahali pa kulala. Kwa macho ya Bwana wetu aliyesema habari za wale waliomlisha na kumtazama alipokuwa mgonjwa (Mt. 25:35-40), sidhani kama kuna hata mmoja wetu angethubutu kuwapanga hivyo.

Mkate wa kila siku

Je, mapokeo yetu yanasema nini juu ya mahitaji? Tuanzie pale kila mwanakipaimara anapoanzia, kwenye Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana hauachi mkate kuwa mkate tu. Anaweka ndani yake chakula na mavazi, viatu na nyumba, shamba na mifugo, mwenzi mwema na watoto wema, serikali njema, amani, afya, heshima, marafiki wazuri na majirani waaminifu. Tazama jinsi madaraja manne ya Maslow yalivyo ndani ya neno moja: mwili, usalama, upendo na heshima. Hayakupangwa moja juu ya jingine. Yote ni mkate, na yote huombwa siku hiyo hiyo.

Tena tuangalie mahali ombi hilo lilipowekwa. Mkate haukuwekwa chini kabisa kama msingi, wala juu kabisa kama lengo. Unaombwa baada ya jina, ufalme na mapenzi ya Baba, na kabla ya msamaha wa makosa. Mwenye njaa hafundishwi kuahirisha ombi la ufalme hadi ashibe. Wala aliyeshiba haruhusiwi kuliruka ombi la mkate, maana Bwana ametufundisha kuomba mkate wetu, si mkate wangu.

Injili nazo hazifuati utaratibu mmoja. Yule binti wa Yairo alifufuliwa na mara Yesu akaagiza apewe chakula (Mk. 5:43). Makutano nyikani walifundishwa kwanza mambo mengi, ndipo wakalishwa jioni (Mk. 6:34-44). Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini alisamehewa dhambi kabla ya kuponywa miguu (Mk. 2:1-12). Bwana hakuwa na pembetatu. Alimtazama mtu aliye mbele yake.

Kuna tofauti ya ndani zaidi. Kilele cha Maslow ni nafsi iliyotimilika. Katika mafundisho yake juu ya Waraka kwa Warumi, mwaka 1515 na 1516, Luther alimweleza mwenye dhambi kama mtu aliyejikunja akajielekea mwenyewe, hata akitafuta mambo ya Mungu huyatafuta kwa ajili yake. Na katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo alifundisha kwamba imani humtoa mtu ndani ya nafsi yake na kumpeleka kwa Kristo, na upendo humpeleka kwa jirani. Mtu aliyehesabiwa haki kwa neema hana haja ya kupanda ili awe mtu kamili, ameshapewa. Ndiyo maana mikono yake iko huru. Ni haki kukumbuka kwamba Maslow naye, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1970, alianza kuandika juu ya kuivuka nafsi. Lakini madarasani mwetu mawazo hayo ya mwisho hayafundishwi sana. Tumebaki na ngazi.

Mungu si daraja

Aprili 1943, miezi mitatu tu kabla ya makala ya Maslow kutoka, Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanatheolojia wa Kilutheri, alikamatwa na kutiwa katika gereza la Tegel, Berlin. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa na usalama mkononi. Alifika New York Juni 1939, marafiki wakamtafutia kazi, naye Julai akarudi Ujerumani ili ashiriki taabu ya watu wake. Aliuawa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Maslow angesema kwamba mtu wa namna hiyo alitoshelezwa utotoni, hivyo akapata nguvu ya kuvumilia ukubwani. Huenda, kwa maana alilelewa katika nyumba ya neema. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Wako wafia imani waliolelewa katika uhitaji mtupu, na nguvu yao haikutoka katika shibe ya zamani bali katika ahadi waliyoisikia.

Zaidi ya mfano wake, Bonhoeffer ametuachia onyo. Katika barua alizomwandikia rafiki yake Eberhard Bethge mwaka 1944, aliwalaumu wahubiri wanaomtafutia Mungu nafasi katika upungufu wa watu tu, wakitumia hata elimu ya nafsi ili kumthibitishia mtu mwenye furaha kwamba kwa kweli ni mgonjwa. Mungu wa namna hiyo ni kiraka. Shimo likizibwa kwa njia nyingine, hatakiwi tena.

Onyo hili latufaa sana leo. Mahubiri ya mafanikio yanayovuma katika miji yetu ni ngazi ya Maslow iliyobatizwa. Panda mbegu, nawe utapanda daraja: kwanza kodi ya nyumba, halafu gari, halafu heshima mbele ya adui zako. Mungu amekuwa nguvu ya kupandia. Yesu aliwaambia makutano kwamba walimtafuta kwa sababu walikula wakashiba (Yn. 6:26), na hakujutia kuwalisha; alikataa kuwa mtumishi wa matumbo yao. Aidha, tusiwanyoshee wengine kidole pekee. Nasi tunaposema, tujenge kwanza zahanati ndipo watu watakapolisikia Neno, tumemfanya Mungu kuwa jambo la baadaye. Zahanati ijengwe kwa sababu watu wanaumwa. Neno lihubiriwe kwa sababu limetumwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo chambo cha jingine.

Yatupasayo

Mtu aweza kutupinga hapa. Je, kuwatetea maskini watoe si njia ya kuwanyonya? Pingamizi hili ni la haki, na Maandiko yenyewe yanalileta. Kabla tu ya habari ya mjane aliyetoa senti mbili, Marko anatupa onyo la Yesu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane (Mk. 12:38-44). Mchungaji anayesoma mistari ya mwisho bila ile ya kwanza ameisoma nusu. Mjane anapotoa chote alichonacho, swali la kwanza si kwa nini wengine hawatoi kama yeye. Swali ni kwa nini baada ya ibada arudi kwenye nyumba isiyo na unga.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa wachungaji na wanafunzi. La kwanza, tuiache ngazi kama kipimo cha watu, ingawa orodha ya Maslow yafaa kubaki kama orodha ya maswali. Tunapomtembelea msharika tuulize habari za chakula, usalama, urafiki, heshima na kazi aliyoitiwa, yote pamoja, bila kuamua kabla ya kubisha hodi ni lipi linalomhusu. La pili, diakonia na uwakili visitengwe. Orodha ya wanaosaidiwa na orodha ya wanaotoa ziwe na majina yale yale pale inapowezekana. Paulo aliyaandika makanisa ya Makedonia kuwa yalitoa katika umaskini mkubwa, nayo yaliisihi nafasi ya kushiriki (2 Kor. 8:1-5). Alieleza pia kwamba upungufu wa mmoja hujazwa na wingi wa mwingine, na kesho mambo huweza kugeuka (2 Kor. 8:13-15). La tatu, tusimwamulie maskini. Mwalimu Julius Nyerere alisisitiza mwaka 1968 kwamba maendeleo ya watu hayawezi kuletwa na mtu mwingine kwa niaba yao. Ikiwa hilo ni kweli kwa barabara na visima, ni kweli zaidi kwa imani na sadaka.

Tumalizie kwa bibi yule. Juma lile lile wazee walimwandikia bahasha yake, na juma lile lile kamati ya diakonia ilimpelekea mahindi. Hakuna aliyeuliza lipi litangulie. Mayai yake manne yalinadiwa nje ya kanisa pamoja na ndizi na kuku wa wengine, na mzee mmoja aliyeyanunua alimrudishia mawili kwa ajili ya wajukuu. Bibi aliyapokea bila aibu, kwa kuwa alikuwa ametoa. Alituambia tangu mwanzo kwamba njaa anayo na usharika anao. Sisi tuliosoma ndio tuliodhani kwamba lazima kimoja kisubiri kingine.